Michembe Haina Kosa

Lusia, nimeaibika mno.

Mjukuu wangu Samia aliwauliza wateja wetu wa Mwakitolyo, katika kundi la WhatsApp, kwa nini wameacha kununua michembe yangu ya viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilitarajia walalamikie bei.

Masalu, yule mchimbaji, akaandika: "Michembe haina kosa. Tatizo ni Bibi, hutukaripia mbele za watu kama watoto."

Kama watoto, Lusia! Watu thelathini na mmoja wakamwekea dole gumba.

Nikajibu papo hapo: "Hamna adabu hata chembe!"

Masalu akasema: "Si mnaona?" Kundi zima likacheka.

Kisha nikasoma majina ya waliomuunga mkono. Lako ni la tatu.

Tangu lini umekuwa ukiniogopa? Niambie ukweli, mwenzangu. Sitakukaripia.