Pasipogongwa

Shoga, sikia ya leo.

Kile kidoli cha gauni la njano nilichofinyanga kupambia ile mashine ya mchezo wa kurusha gololi aliyoiunda yule fundi saa, leo nimekifunga ndani yake. Akarusha gololi ya kwanza. Ya kwanza tu, shoga. Ikakigonga, kichwa kikang'oka.

Akazima mashine. "Mama Pacha, nilisema awekwe pasipogongwa."

Pasipogongwa. Mimi kwenye ile meseji ya sauti aliyonitumia nilisikia panapogongwa.

Nikacheka kwa aibu, eti nitakigundisha. Nilicheka, unanielewa?

Akaokota kichwa, akakifuta kwa shati. "Huyu ni binti yangu. Aligongwa na gari mwaka jana."

Nimeomba radhi mpaka sauti imekauka. Akasema, "Mtengeneze tena. Safari hii mweke mbali."

Nafinyanga sasa. Pacha wangu wanalilia kwenda kucheza barabarani. Nimefunga mlango kwa ufunguo.