Jani Lililofungwa Kwenye Mti wa Mtego

Jumatatu, tarehe 9 Machi. Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani Butembo. Mvua imenyesha toka asubuhi, mawe yanateleza, na nyundo imenipiga kidole gumba. Ninaandika haya kwa simu, kwa kidole gumba kilichobaki kizima.

Kazi yangu hapa Kisangani ni kuvunja mawe kando ya mto, karibu na maporomoko. Changarawe tunawauzia wajenzi. Lori la kurudi kwetu linaondoka keshokutwa, Jumatano. Asubuhi jina langu lilikuwa limeshaandikwa.

Siku nzima nimejiambia: Kambale, panda lori, nyamaza, mambo ya hapa si yako.

Lakini kuna Papa Anselme.

Huyu ni mmoja wa wanaume wanne wa parokia ambao watu wamewapa jina la mapapa wa tribinali, yaani akina baba wa mahakamani. Wanawafuata vijana walioshtakiwa: wanakwenda kuwaona walikofungiwa, wanakaa nao, siku ya kesi wanasimama nao mbele ya jaji, ambaye hapa wanamwita juge. Hawalipwi. Ndivyo wanavyosema.

Mimi sikuamini. Mwanaume mzima hatoi siku yake ya kazi bure kwa mtoto asiye wake. Mtu aliyenileta mji huu naye alikuwa na shati safi na maneno ya upole. Aliniahidi kazi ya kupasua mbao. Tulipofika, hakukuwa na mbao wala msumeno, na yeye mwenyewe sikumwona tena. Tangu siku hiyo nikiona mtu mwema ninatazama nyuma yake.

Papa Anselme alikuja kwetu kwenye mawe wiki iliyopita kwa sababu ya kijana anayeitwa Trésor. Ana miaka kumi na tano, ametoka mtoni chini, upande wa Isangi. Wamemshtaki kwamba ameiba samaki kwenye mtego wa mvuvi mmoja wa hapa, Papa Lobela, na tena ameuloga mtego huo.

Sasa niseme ninachokijua. Hapa nitasema.

Asubuhi ile ya samaki nilikuwa wa kwanza kufika kwenye mawe. Nilimwona Trésor ndani ya maji hadi magoti, kwenye kikapu cha mtego kilicho karibu na ukingo. Alitoa samaki mmoja. Hakukimbia. Alichukua jani la mangungu, lile tunalofungia chakula, akalifunga kwenye mti wa mtego, ule unaoshikilia kikapu, kwa fundo moja, akaniamkia, akaenda zake. Baadaye Papa Lobela akaja, akaliona jani, akapiga kelele kwamba ni dawa ya kufukuza samaki. Akaling'oa na kulitupa mtoni.

Kijana anasema kwao mwenye njaa huacha alama hiyo, fundo moja kwa samaki mmoja, ili mwenye mtego ajue kuna mtu aliyekula, na kwamba atarudi kumfanyia kazi. Kweli alirudi mchana. Ndipo wakamkamata. Hapa maporomokoni hakuna anayegusa kikapu cha mwingine, na jani kwenye mti lina maana moja tu: ubaya.

Polisi aliniuliza. Nikajibu sijui, mimi ni mutu wa mbali.

Papa Anselme aliponiuliza, nikajibu vilevile. Akanitazama kidogo, akashukuru, akaondoka. Mama Jeanne, tunayevunja naye mawe, akanicheka.

"Kambale, weye unaogopaka hata kivuli yako! Ule papa hatakukula. Angalia, hana meno!"

Ijumaa nilimfuata. Ndiyo, nilimfuata kama mpelelezi, nyundo ikiwa bado mkononi. Nilitaka kuona anapata nini. Alikwenda hadi nyumba wanakofungiwa vijana, akiwa amebeba shati la bluu lililopigwa pasi. Nilisimama karibu na ukuta. Alimvalisha Trésor, akamfunga vifungo, kisha akamfundisha kusema. Kijana alikuwa anaongea akiangalia chini.

"Sema tena," Papa Anselme akamwambia. "Juge hatasikia miguu yako."

Akasema tena. Na tena. Nilingoja yule mzee atoe simu apige picha za kupeleka kwa wafadhili. Hakutoa. Nilingoja amwambie kijana asaini karatasi. Hakuna karatasi.

Alipotoka, hakugeuka hata kidogo, akasema tu, "Ndugu, umenifuata toka soko. Bon, kuja mbele, tutembee pamoja."

Niliona haya, lakini nikauliza. "Papa, hii kazi unapata nini ndani?"

"Bibi yangu mwenye nilioa iko naniuliza ile ile kila siku," akasema. "Nikipata jibu, nitakuletea na weye."

Jibu gani hilo? Nililala nalo siku tatu. Mwongo angekuwa na jibu zuri zaidi.

Kisha leo mchana. Papa Lobela ameshuka kwenye mawe na samaki mkononi, mkubwa. Kipande cha ukingo tunachovunjia mawe ni cha ukoo wake. Akikasirika, sina pa kukaa. Amenipa yule samaki mbele ya wote.

"Chukua. Weye uko mutu muzuri, Kambale. Hauna mudomo."

Nimempokea. Nimempika na pilipili. Nimemla. Nisidanganye hapa.

Mfupa wa mwisho ulipobaki kwenye sahani, nikahesabu: kijana alichukua samaki mmoja, akaacha jani. Mimi nimechukua samaki mmoja, nimeacha nini?

Nimekaa siku nyingi nikimchunguza Papa Anselme, na aliyenunuliwa ni mimi.

Jioni, mvua ilipopungua, nimekwenda kwake. Nimemwambia yote: kikapu, jani, fundo moja, salamu. Hakunikumbatia wala hakunisifu. Ameuliza tu: "Utasema hivyo mbele ya juge? Alhamisi?" Asipopatikana shahidi, wamesema Trésor atabaki ndani miaka.

Nimesema ndiyo. Papa Anselme bado simwamini kabisa. Labda ipo siku nitajua anachotafuta. Lakini jani nililiona kwa macho yangu.

Papa Lobela nitamwambia mwenyewe kesho asubuhi, kabla hajasikia kwa wengine. Najua atanifukuza ukingoni. Mama Jeanne atanitunzia nyundo.

Jina langu nimelifuta kwenye lori la Jumatano hii, nimeliandika kwenye lile la tarehe 18.

Masika mke wangu, haya ninakutumia usiku huu; watoto wakikusomea hapa, usitoke barabarani kunisubiri wiki hii. Barabara ikikubali, nitakuwa nyumbani kabla ya Jumapili ya Matawi.