Ukoo wa Mal

Louisville, Machi 2016

Papa wangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na unajua hasira yangu haina adabu. Mama anaumwa. Si yale magoti. Ni titi, na daktari anataka jibu kabla ya Ijumaa: apasuliwe au la.

Tangu tukuzike, kaka Eliya amehamia Kenmore, karibu na Buffalo, anahudumia wazee. Baba mdogo bado yuko Columbus. Hapa tumebaki mimi na Mama, na viatu vyako vya kazini mlangoni, ambavyo hataki viguswe. Kwa hiyo juzi hospitalini walipotaka kumpigia mkalimani simu, nilikataa. Nilisema mimi ni binti yake, natosha.

Daktari akasema uvimbe ni "malignant", yaani ni kansa. Papa, kwetu milimani nani humwambia mgonjwa jambo kama hilo usoni? Wakubwa hukutana kwanza, wakakaa naye, wakaomba, ndipo mmoja wao aseme. Nikamwambia Mama kuna uvimbe, wanataka kuutoa, basi. Baba mdogo akanisifu kwenye simu: "Umefanya muzuri. Usimwambie kitu mpaka tufike." Lakini yeye na Eliya wangefika Jumamosi! Ningemwombaje Mama jibu, na swali lenyewe nimelificha?

Unakumbuka masomo yako ya mezani? Mwalimu wa Kifaransa asiye na darasa, unarudi kutoka ghalani na vipande vya maboksi yenye maandishi ya lugha tatu, unayahoji maneno kama wazee wanavyomhoji mgeni. "Sura isikudanganye," ulisema, "uliza kwanza ni mtoto wa nani." Librairie na library ni ndugu waliogombana: mmoja anauza vitabu, mwingine anaviazimisha. Mal, yaani ubaya, ulimwita ukoo wa balaa: maladie, ugonjwa, malheur, bahati mbaya, hata malaria, hewa mbaya ya Waitaliano. Mimi na Eliya tulikucheka sana. Mama alikuwa akisonga ugali, nikadhani hasikilizi.

Jana asubuhi nikimsuka, akasema bila kugeuka: "Donc, unawaza sikusikia? Ile neno ya munganga iko ya jamaa ya mal. Kwa Kifaransa ni maligne. Papa yako alinifundisha. Nilikuwa nakungoja useme."

Chanuo likanidondoka. Nililia, Papa, na yeye ndiye aliyenibembeleza. Kisha nikamwambia yote, hata jina la ugonjwa. Akauliza kama atapona. Nikasema daktari ana matumaini, lakini hakuahidi. Akaokota chanuo, akanirudishia. "Bon," akasema, "waambie nakubali. Na umalize nywele."

Baba mdogo amekasirika. Akifika nitamwamkia kwa heshima zote, nimpikie, nimsikilize anigombeze. Msamaha sitaomba.

Ninaogopa kuliko siku ulipokata roho, maana siku ile Mama alikuwa amenishika mkono. Pumzika, Papa, usije kumchukua mapema. Ninakuahidi hivi: atakapozinduka kutoka usingizi wa dawa nitakuwa kando ya kitanda, na lolote watakaloniambia nitampa yeye kwanza, kwa Kiswahili, nikimtazama machoni.

Binti yako,
Furaha