Kigari cha Kupanda Kilima

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Futi ya kupimia ya Baba nimeichukua mimi, asiitafute.

Nimekwenda kuchagua kile kigari cha gofu cha kumpeleka karakana kila siku. Asubuhi nilipomwambia alicheka: “Mwanangu, mimi seremala, si mzigo!” Halafu nikamwona nyuma ya mlango, ameshika ukuta, anahema.

Naogopa, Mama. Viko viwili: chenye nguvu, ngazi yake ya kupandia iko juu, na goti la Baba halikunjiki. Kile cha chini, muuzaji anaapa kwenye simu kitapanda kilima chetu. Kilima chenyewe hajakiona. Nimemwomba tuje tukijaribu hapahapa kabla sijalipa.

~~Usimwambie nilikokwenda.~~ Mwambie anisubiri getini. Usukani atashika yeye. Mzigo nitakuwa mimi.

Kitindamimba wenu