Mtoto Ana Mjomba

Jumamosi, 5 Julai 2025

Leo nimemkata mtu kauli mpaka kuku wamenyamaza.

Nimetoka kupuliza dawa mikorosho ya watu, salfa imeniganda mpaka kwenye kope, nakuta toyo ya mizigo imesimama uwanjani kwetu. Juu yake godoro, masufuria, na dada yangu Zena kampakata bintiye Naima. Nyuma yao mumewe, Fakihi, na pikipiki yake kutoka Masasi, kampakia rafiki yake Awadhi. Anamwambia mama, shikamoo mama, mzigo wako nimeurudisha salama.

Mzigo. Dada yangu!

Talaka yenyewe kaituma juzi kwa meseji. Mwisho kaweka vile vimikono vya kuomba dua. Mshenzi ana adabu.

Mama analia tu. Tangu Mjomba Husseni afariki, mwanamume wa ukoo wetu nimebaki mimi, Nurdini, na mtoto wa dada ni wa mjomba — hilo hata mbuzi wa hapa Mkunya wanalijua. Basi nikasimama na pampu yangu mgongoni, nikapaza sauti majirani wote wasikie: shemeji, ondoka na masufuria yako. Mtoto huyu ana mjomba. Hatutaki hata punje yako mpaka siku anaolewa.

Majirani wakapiga vigelegele. Fakihi hakukasirika. Akamgeukia Awadhi, umesikia? Nimesikia. Akawauliza na majirani, nao wakasema wamesikia. Akawasha pikipiki, anacheka.

Acheke. Nimemmaliza.

Jumapili, 6 Julai

Naima ana miaka minne na ulimi wa miaka arobaini. Asubuhi nimempa ming'oko ya moto, vile viazi vyetu vya porini, nimemmenyea mwenyewe. Kaitema. Eti kwa baba kuna chai ya maziwa.

Nikamwambia hapa kuna mjomba. Akaniuliza, mjomba ana maziwa?

Jumatatu, 7 Julai

Zena anataka kujua yeye ni mke au si mke. Nikasema twende Newala mjini, mimi ofisi naziweza. Tumetetemeka na baridi njia nzima, tumefika, mlango umefungwa. Mlinzi anasema, kijana, leo Sabasaba, hata wezi wamepumzika.

Kurudi, Zena katangulia mbele, mimi nyuma.

Jumanne, 8 Julai

Tumerudi. Ustawi wa Jamii, kwa Bi Oliva. Mama wa miwani, anaongea polepole kama anakupimia chumvi.

Zena kauliza, ile meseji ni talaka? Bi Oliva kasema ya dini mkamuulize sheikh, ila kiserikali ndoa haijavunjika mpaka mahakama itamke. Na mahakama haiwapokei mpaka mpite kwanza baraza la usuluhishi, wajaribu kuwapatanisha, wakishindwa wawape hati.

Na mtoto, anaweza kuninyang'anya? Kasema wa chini ya miaka saba kwa kawaida anabaki na mama, labda iwepo sababu kubwa.

Na chakula chake? Baba anatunza, akae naye asikae naye. Akikataa, tunamwita hapa. Akikaidi, mahakamani.

Hapo nikaingilia. Madamu, sisi huku mtoto ni wa mjomba, na mimi nimeshamsamehe yule bwana.

Kanitazama kuanzia kofia mpaka ndala. Akasema: hongera, mjomba. Hakuna aliyekukataza kumnunulia peremende. Ila chakula, nguo, dawa na shule baba anadaiwa na mtoto, hadaiwi na wewe. Utasamehe vipi kisicho chako?

Nikamtazama Zena anitetee. Kajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Anacheka!

Njia nzima nimetembea mbele.

Jumamosi, 12 Julai

Pampu imekufa. Injini imekatika katikati ya shamba la watu huko Chilangala, na mwenye shamba kaniita fundi wa mdomo. Msimu ndio huu, na mimi nimekaa.

Naima ana homa tangu jana. Dawa Zena kaenda kuomba kwa jirani — yuleyule aliyepiga vigelegele. Karudi nayo, kamnywesha mtoto, kisha kaniambia bila kunitazama: ulitaka kushangiliwa wewe, anayelipa Naima.

Nimeenda kupasua kuni. Kuni zipo tele. Nimepasua tu.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika nje ya ofisi ya kata. Baraza limesimama, watu wameenda kuswali.

Fakihi kaja na kanzu iliyonyooka kama ukurasa, na Awadhi wake. Homa ya Naima imeshuka. Baba yake kamnunulia andazi mbele ya wazee wote. Andazi moja! Siku zote hizi hata simu hakupiga.

Akaanza, sauti ya asali. Mzee mwenyekiti, mtoto simkatai. Ila mjomba wake alinisamehe mbele ya watu, na mila zetu sote hapa tunazijua. Awadhi akathibitisha, neno kwa neno, mpaka ile punje hakuisahau.

Nikaruka. Na wewe watoto wa dada yako Masasi unawalisha?

Akajibu taratibu, nawalisha. Mkubwa yuko sekondari. Mimi nauvaa ujomba wangu, shemeji, na wewe vaa wako.

Wazee wakatikisa vichwa kumkubali. Kinachoniuma ni kwamba kweli anawalisha. Zena alishaniambia zamani.

Mwenyekiti, Mzee Kasiani, akavuta pumzi. Akasema la Ustawi analijua, na baba hawezi kusamehewa na mjomba. Lakini maneno yale yamesemwa mbele ya kijiji, na yeye anataka ayasikie yakifutwa mbele ya kijiji, ili Fakihi asipate pa kujifichia. Akanigeukia: mjomba, tukirudi utuambie. Mtoto huyu unamuweza, au humuwezi?

Nina miaka ishirini. Sijawahi kusema siwezi, hata mwalimu wa hesabu wa Fomu Two hakulipata kwangu neno hilo, nikaacha shule nalo. Sasa nilitoe hapa, Fakihi akisikiliza na kanzu yake, Awadhi akilikariri akaliuze Masasi nzima. Afadhali ninywe salfa.

Zena kapita kwenda kunawa. Hakusimama. Kaniambia tu, ni neno moja, Nurdini.

Watu wanarudi. Fakihi yuko mbele, anacheka cheko lake la pikipiki.

Naima kaja kukaa kwenye mguu wangu. Lile andazi hajalila. Kalikata katikati, vidole vina vumbi, ananisukumia kipande mdomoni. Kula, mjomba, na wewe huna.

Mzee Kasiani anaita jina langu. Andazi bado liko mdomoni, nasimama nalo.