Uzi Mweupe Kwenye Kofia Yako

Kaka Mussa,

Kashinda mpigaji wangu. Tuzo ya mchezaji mpya bora wa besiboli imetangazwa jana, na yule mrushaji wako wa mkono wa kushoto, uliyemsifia tangu msimu haujaanza, hata hakukaribia. Saa hizi ningekuwa nakucheka. Sina wa kumcheka.

Nikueleze ya huku ugenini, mtaani Sanyuanli. Tangu tukuzike sijakaa vizuri na Hamadi. Najua alikuuguza, najua mmeishi chumba kimoja miaka yote hiyo. Lakini wiki moja baada ya msiba nilikwenda kwake kuchukua sampuli zetu, nikaiona kofia yako ya utabiri inaning'inia msumarini. Masharti uliyaweka mwenyewe, tulipoanza kupeleka kofia za besiboli Dar. Kila mmoja wetu aandike jina la chipukizi wake kwenye kitambaa, yule mama fundi wa soko la Zhanxi akishonee ndani ya kofia kwa uzi wa kijani, asifumue mtu mpaka tuzo itoke. Anayekosea anapika pilau, anayepatia anapakuliwa kwanza. Kila nilipokuomba nibadilishe jina, ulinijibu, "Kofia ikishashonwa, imeshonwa."

Sasa uzi wa kofia yako ulikuwa mweupe. Mishono mirefu, imepinda, ya mtu asiyejua kushona.

Nikamtazama Hamadi, akatazama chini. Nikasema moyoni, huyu kafungua. Kwa nini? Kuna kitu cha marehemu alichokificha? Kuanzia hapo kila alichofanya nilikitilia shaka. Mbona aliizima simu yako haraka? Mbona alifua shuka zako siku ileile uliyofariki? Salamu zake nikawa naziitikia nusu. Nikamsema kwa wenzetu kwamba si mwaminifu, kaka, na ushahidi wangu wote ulikuwa uzi.

Leo asubuhi nimekwenda na mkasi, nimeifumua mbele yake. Ndani nimekuta jina la mpigaji wangu. Wangu mimi! Mwandiko ni wako, ila unatetemeka. Hamadi hakujitetea. Alisema tu, "Aliandika kule hospitali, akaniomba nimshonee. Akasema dada yake asijue."

Na wewe siku hizohizo ulikuwa unaniambia kwenye simu, "Wiki ijayo natoka, andaa mchele." Ulijua hutoki. Ulijua nikipatia peke yangu, wa kunipikia hatakuwepo, basi ukahamia upande wangu, tupatie wote au tukose wote. Wewe, uliyenikatalia kubadilisha hata herufi!

Nimekukasirikia, kaka. Nimelia pale mpaka Hamadi akaniletea chai, na ile chai imenishinda kunywa kwa aibu. Muda wote huu nilikuwa namshuku yeye, kumbe mwongo ni wewe. Ungeniambia ningekuja kukaa nawe. Ningefunga duka nikaja.

Nimemwomba Hamadi airudishie kofia yako uzi uleule mweupe. Ameishona vibaya vilevile.

Mungu akulaze pema, Mussa. Kuaga sijui, uliniibia nafasi ya kujifunza. Ila nakuahidi hili: Ijumaa pilau napika mimi niliyeshinda, nawaita wote ambao nilimsengenya Hamadi mbele yao, na sahani ya kwanza nampakulia yeye.

Mdogo wako,
Zuhura