Wanakuja Kuniuliza Kama Nina Amani ya Kuhama

Mama Philura wa gazetini, pokea salamu za mtu usiyemjua. Watu wetu si wasomaji wa magazeti ya dunia, na hili lako lilinifikia dukani likiwa limefungiwa chumvi, nikasoma unavyowajibu watu, nikaona sina mwingine wa kumwambia, kwa hiyo nakuomba unisaidie na jina langu ulifiche, maana huku tunajuana hata kwa mwendo.

Mimi ni mke wa mkulima, na sisi ni Marafiki, wale wanaoabudu kwa kukaa kimya mpaka Roho amguse mmoja aseme, na mume wangu nitamwita Zimri, ni mtu mwema, hanywi, hajawahi kuniinulia mkono, hilo nilitangulize usije ukamdhania vibaya. Tulioana Carolina, tukampata Elihu, homa ikamchukua kabla hajajua kukimbia, na kiangazi hicho hicho Zimri akasema hawezi tena kuishi jirani na shamba ambalo watu wanachapwa na kuuzwa, alisema, "Siwezi kulea watoto mahali watakapozoea sauti ile," nami siku hiyo nilimpenda kuliko siku ya arusi. Familia nyingi za mkutano wetu, ndivyo tunavyoliita kanisa letu, ziliondoka kwa sababu hiyo hiyo, wengi walingoja wavune kwanza, sisi hatukungoja hata mahindi yakauke, tukapakia gari la maksai tukaenda Ohio.

Ohio ilikuwa miti tu, Mama, majira yote ya baridi sikuona uso wa mwanamke mwingine, nikaanza kuzungumza na ng'ombe, na siku moja Zimri alinikuta namsimulia ng'ombe arusi ya dada yangu, akachukua ndoo ya maziwa akatoka. Huko alizaliwa Asenathi, na wavulana wawili, na Mahala. Asenathi alikufa kwa homa ya kutetemeka, na majani yalipoanza kuanguka Zimri akasema wavulana watahitaji ardhi karibu na Marafiki wenzetu, la sivyo watatawanyika na kuoa nje ya imani, na ni kweli, tumewaona waliooa nje wakiondolewa kwenye mkutano, kwa hiyo tukapakia tena tukaja huku Indiana.

Huku ndiko Mungu alikonipa Tamari. Ni jirani yetu, anacheka kwa sauti hadi wazee wa mkutano wamewahi kumwonya, tunasokota sufu pamoja, tunapika matufaha pamoja kwenye sufuria moja kubwa, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke kwa mama yangu nimekuwa na mtu wa kumwambia kwamba mkate wangu umeungua. Masika haya tumemzika Mahala wetu. Sisi hatuweki jiwe juu ya kaburi wala hatuvai nguo za msiba, na nyumbani kwetu hata jina halikutajwa tena. Tamari alikuja akakaa kitandani kwangu akanichana nywele, na hilo ndilo lililonifanya nikaweza kuamka kesho yake.

Sasa Zimri anataka twende Iowa. Anasema mkutano wetu umeingiliwa na dunia, watu wanagombana juu ya mafundisho, wengine wanapaka magari yao ya farasi rangi za fahari. Nilimuuliza, "Hivi Zimri, huko Iowa kuna nini ambacho hapa hakipo?" Akasema, "Utulivu." Nikamwambia, "Na hapa kelele ziko wapi? Mbona mimi nasikia nzi tu?" Akanijibu, "Mke wangu, hata kimya cha hapa kimechafuka. Usinifanye nibishane na wito." Kitanda cha Mahala amekibomoa, mbao zake amezipigilia ubavuni mwa gari.

Kwetu mtu hahami hivi hivi. Mkutano unampa cheti cha kuhama, na kabla ya cheti hicho kutoka, wanawake wawili hutumwa kwa mke kumuuliza peke yake kama ana amani na safari, nasi hatuapi kamwe kwa kuwa ndiyo yetu inatakiwa iwe ndiyo. Nimeulizwa Carolina nikasema nina amani, nimeulizwa Ohio nikasema nina amani, na mara zote mbili nilidanganya. Juma lijalo wanakuja tena, na mmoja wao ni Tamari. Nikisema sina amani, cheti kitazuiwa na mume wangu ataaibika mbele ya mkutano mzima, na akiamua kuondoka bila cheti watamwondoa kwenye mkutano. Nikisema ninayo, nimemdanganya Mungu na rafiki pekee niliye naye, kisha nitakwenda kuzeeka mbugani nikizungumza na ng'ombe. Nifanye nini, Mama?

Mwenye Kunyamaza, Indiana

*

Mwenye Kunyamaza, pole. Pole kwa Elihu, pole kwa Asenathi, pole kwa Mahala. Nimewataja kwa makusudi, kwa sababu naona nyumbani kwako hakuna anayewataja.

Sasa kaa vizuri nikugombeze. Barua yako nimeisoma nikaisoma tena, maana wewe ulieleza kila kitu bila kujisikiliza. Mumeo akishazika, anafunga mizigo. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe. Sababu zake si uongo, na usije ukamwambia ni uongo. Kuondoka mahali binadamu anapouzwa kama ndama lilikuwa jambo la haki, mheshimu kwa hilo mpaka ufe. Ardhi ya wavulana nayo ni jambo la kweli. Lakini wenzake waliokuwa na sababu hiyo hiyo walingoja mavuno, yeye akashindwa kungoja. Mimi nimemzika mume na mtoto, ninajua jinsi dirisha moja linavyoweza kukushinda kulitazama. Mficha maradhi, kilio humfichua. Wako anaficha kwa kuhama.

Na wewe je? Umejivika utii ukaridhika. Hebu fikiri alichokiona Zimri. Alizika mtoto, akatafuta mtu wa kulia naye, na mkewe akasema mbele ya mashahidi kwamba ana amani. Akazika wa pili, mke yuko na amani tena. Bila shaka anadhani humo ndani ni yeye peke yake aliyeshindwa. Mmelala kitanda kimoja miaka yote hii, kila mmoja mpweke kwa namna yake, kila mmoja akimwonea aibu mwenzake.

Mimi ni wa kanisa la kuimba kwa nguvu, na kimya chenu cha ibadani nakiheshimu, huenda Mungu anawasikia ninyi vizuri zaidi kuliko sisi wenye makelele. Ila kimya cha ibada na kimya cha jikoni ni vitu viwili, usivichanganye.

Fanya hivi. Usingoje hao wanawake. Mwambie Zimri akusindikize makaburini mchana, wavulana wabaki na mifugo. Mkifika pale mlipomlaza Mahala, taja jina lake kwanza, kisha sema, "Sina amani. Sikuwa nayo Carolina, wala Ohio." Usiongeze kwamba unamsamehe, wala usimweleze mimi nilichosema juu yake. Akilia, mwache alie, usimharakishe kurudi nyumbani eti chakula kinapoa. Akikasirika, mwache akasirike, hasira ni bora kuliko kufunga mizigo.

Halafu Tamari na mwenzake wakija, wajibu kweli. Waambie bado, waombe mkutano usubiri mpaka baada ya mavuno. Kuomba muda si kumwaibisha mume, na bila shaka mkutano wenu umewahi kungojea mambo madogo kuliko hilo. Huenda mwishowe mkaenda Iowa. Ikiwa hivyo, nenda, lakini nenda na mume anayejua umemwacha nani nyuma, na Tamari umwandikie.

Ila kama unaogopa macho ya Tamari, ondoa hofu. Mwanamke aliyekuchana nywele siku zile haji kujifunza kitu kwako, anakuja kwa sababu ametumwa. Jibu lako analijua tangu masika. Asiyelijua ni Zimri. Mwambie leo.